Binti yangu anabadilisha namba ndogo akisawazisha milinganyo ya kemia, nimwelezeje?

mama_cherehani

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa watu wa kemia.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Hesabu hana shida, fizikia anakwenda vizuri, ila hii mada ya milinganyo ya kikemia imemvuruga kabisa. Mimi nilisoma HKL, kemia niliiaga mapema, kwa hiyo akiniletea daftari namsikiliza tu.

Juzi karudishiwa zoezi. Kaandika hivi:

Mg + O₂ → MgO₂
H₂ + O₂ → H₂O₂
Al + O₂ → AlO₂

Zote zimekatwa kwa kalamu nyekundu, pembeni kumeandikwa "usibadilishe fomula", basi. Darasa lao limejaa, simlaumu mwalimu. Lakini mtoto kaniuliza: "Mama, hebu hesabu. Oksijeni mbili kushoto, mbili kulia. Zinalingana. Kosa liko wapi?" Nimehesabu na mimi, kweli zinalingana.

Sasa nataka nielewe. Kama shabaha ni idadi kulingana pande zote mbili, kwa nini jibu linalolingana linakatwa? Na nimfundishe nini hapa nyumbani, ambapo kuna meza ya kukatia vitambaa na hakuna maabara? Msiniambie akariri. Kashakariri, ndiyo haya matokeo yake.

mtoto_wa_mjini

Dada, hiyo mada ni mazoezi tu. Tafuta mitihani ya taifa ya miaka iliyopita, afanye maswali mpaka mkono uzoee. Mimi ndivyo nilivyotoka.

ubao_na_chaki

Mama, salama. Nimefundisha kemia sekondari, nikaanzia Lindi, nikamalizia Tanga, sasa nimestaafu. Swali la binti yako nimelipenda sana. Wengi wanakatwa kama yeye na hawaulizi, wanageuza ukurasa. Usimwache hivyo hivyo.

Ndugu hapo juu, mazoezi lazima yawepo. Ila mtoto huyu akipewa karatasi ishirini leo atabadilisha namba ndogo kwenye karatasi zote ishirini, maana bado hajaambiwa namba ile inasema nini.

Mlinganyo ni taarifa ya jambo lililotokea kweli. Kwanza unasema kimeingia nini na kimetoka nini. Kuhesabu kunakuja baadaye. Chukua ule wa pili, H₂ + O₂ → H₂O₂. Idadi imelingana, sikatai. Lakini unadai kwamba haidrojeni ikiungua inatoka haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya famasi ya kusafishia vidonda, ambayo saluni nao wanaitumia kufifisha rangi ya nywele. Haidrojeni ikiungua haitoi hiyo. Inatoa maji. Shika kioo baridi juu ya mwali wake, kinaingia ukungu, na ukungu ule ni maji. Kwa hiyo kulia lazima paandikwe H₂O, tupende tusipende, na kusawazisha kunaanzia hapo:

2H₂ + O₂ → 2H₂O

Namba ndogo ya chini ni sehemu ya kitu chenyewe. Ukiigusa umeleta kitu kingine. Mwonyeshe CO₂ na CO. Ya kwanza anaitoa kila anapopumua. Ya pili inatoka kwenye jiko la mkaa pale hewa isipotosha, haina rangi, haina harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na watu wamelala na jiko chumbani wasiamke. Kwenye karatasi kinachozitenganisha ni ile mbili ndogo. Mtoto akilijua hilo hatabadilisha tena namba ya chini kwa sababu tu hesabu inamsumbua.

Namba ya mbele ni jambo jingine. Hiyo inasema vingapi, na hiyo ndiyo tunayoruhusiwa kuiweka.

Sasa MgO inatoka wapi? Magnesiamu ina elektroni mbili za kutoa, oksijeni inahitaji mbili, kwa hiyo moja kwa moja: MgO. Alumini ina tatu za kutoa. Alumini mbili zinatoa sita, oksijeni tatu zinapokea sita: Al₂O₃. Hizo ndizo valensi, na hapa ndipo mahali pekee nitakapomwambia mtoto akariri, maana ni chache. Sodiamu na potasiamu, 1. Magnesiamu, kalsiamu na zinki, 2. Alumini, 3. Oksijeni, 2. Klorini, 1 kwa milinganyo ya kidato chake. Halafu vile vikundi: OH na NO₃ ni 1, SO₄ na CO₃ ni 2. Chuma na shaba zina valensi zaidi ya moja, hizo swali litamwambia.

Nyumbani fanya hivi. Okota vizibo vya soda vya rangi mbili, tuseme vyeupe na vyekundu. Vyeupe ni magnesiamu, kila kimoja kinakaa peke yake. Vyekundu ni oksijeni, na sharti lake ni moja: vinaingia mezani viwili viwili vimegusana, kwa sababu oksijeni ya hewani ni O₂. Mwambie atengeneze MgO. Ataweka cheupe kimoja na jozi ya vyekundu. Cheupe kitachukua chekundu kimoja, na chekundu cha pili kitabaki hakina mwenzake. Usimwambie kitu. Mwache akitazame. Atanyoosha mkono kuchukua cheupe kingine, na hapo ameshasawazisha:

2Mg + O₂ → 2MgO

Kwenye daftari, akishaandika fomula na kuzihakiki kwa valensi, achore kisanduku cha penseli kuzunguka kila fomula. Ndani ya kisanduku kalamu haiingii tena. Namba zote mpya zinakaa nje, mbele yake. Nimewapa wanafunzi wengi kisanduku hiki, na wale waliokuwa wakihangaika kama binti yako ndio walioshikamana nacho kuliko wote.

Na kabla ya alama yoyote, aseme kwa Kiswahili kilichotokea: "Alumini imeungana na oksijeni, imetoka alumini oksaidi." Mtihani ni wa Kiingereza, najua, lakini asipoweza kulisema jambo lenyewe, zile herufi zitabaki herufi.

Ajaribu ule wa tatu mwenyewe, vizibo vikiwa mezani. Jibu lake nalingoja.

mama_cherehani

Mwalimu, asante sana. Vizibo sina, ila vifungo vya shati ninavyo kopo zima. Tumekaa mezani jana usiku. Magnesiamu ilikuwa kama ulivyosema, alinyoosha mkono mwenyewe nikanyamaza. Alumini ilimchukua muda mrefu, vifungo vikajaa meza, mwishoni kaandika:

4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃

Nimehesabu naona nne na nne, sita na sita. Na visanduku kachora.

Sasa kakwama kwingine. Wamepewa mlinganyo wa gesi ya kupikia kuungua, butani, C₄H₁₀. Kaweka kaboni 4 na haidrojeni 10 vizuri, ila oksijeni kulia inafika 13. Anasema kumi na tatu ni witiri na oksijeni zinakuja mbili mbili, haiwezekani. Kachukia kafunga daftari.

ubao_na_chaki

Mpe hongera kwa hiyo alumini, imenifurahisha kweli.

Na hapo kwenye 13 hajakosea popote, kabakiza hatua moja. Arudi pale alipofikia:

C₄H₁₀ + O₂ → 4CO₂ + 5H₂O

Kulia oksijeni ni 8 kutoka kwenye CO₂ na 5 kutoka kwenye maji, jumla 13. Mruhusu aandike jozi sita na nusu kwa muda, kwa penseli:

C₄H₁₀ + 6½O₂ → 4CO₂ + 5H₂O

Kisha azidishe kila kitu kwa mbili:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Imekwisha. Walimu wengine hawapendi nusu ionekane hata kwenye rafu. Mimi naipenda. Inamwonyesha mtoto kwamba uwiano aliupata mapema, kilichobaki ni kuondoa sehemu.

Tazama pia alivyokwenda bila kujua: kaboni kwanza, haidrojeni pili, oksijeni mwisho. Ashike utaratibu huo huo kila mahali. Kilichopo sehemu moja tu kila upande kianze, kinachoonekana kila mahali kisubiri. Oksijeni karibu kila mara inasubiri.

Nimuongezee kimoja, maana kitamjia. Kikundi kama SO₄ kikiingia kizima na kutoka kizima, asikivunje. Akihesabu kama kitu kimoja kazi inapungua nusu:

Al(OH)₃ + H₂SO₄ → Al₂(SO₄)₃ + H₂O

Alumini kulia ni mbili, weka 2 mbele ya Al(OH)₃. SO₄ kulia ni tatu, weka 3 mbele ya asidi. Haidrojeni kushoto sasa ni 6 na 6, yaani 12, hivyo maji ni 6:

2Al(OH)₃ + 3H₂SO₄ → Al₂(SO₄)₃ + 6H₂O

Oksijeni hatukuigusa. Aihesabu sasa kwa kuhakiki: kushoto 6 na 12, kulia 12 na 6.

fundi_mji_mkongwe

Assalaam aleikum. Mwalimu, mimi ni fundi wa chokaa hapa Unguja, tunatengeneza nyumba za zamani za mawe. Kemia ya skuli nimeisahau, lakini mazungumzo haya yamenishika na nina mambo mawili nataka niyajue siku nyingi.

La kwanza, jiwe likiingia kwenye tanuu linatoka limepungua uzito sana, hali ya kuwa umbo lake ni lile lile. Uzito unakwenda wapi? La pili, chokaa tukishaizima tunaiweka shimoni chini ya maji, inakaa muda mrefu laini kama siagi. Nikiipaka ukutani inakuwa ngumu. Watu wanasema inakauka tu. Mbona basi kuta zinaendelea kuwa ngumu hata baada ya kukauka?

ubao_na_chaki

Waaleikum salaam fundi. Umeniletea mfano ambao ningeutaka siku zote niko darasani. Mama, mwite binti asome hii.

Jiwe lenu la matumbawe ya nchi kavu kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kabonati. Kwenye tanuu, joto likifika nyuzi kama 900 za Selsiasi:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Hesabu atomi. Kalsiamu moja na moja, kaboni moja na moja, oksijeni tatu na tatu. Umesawazika bila namba yoyote mbele! Wanafunzi wanadhani mlinganyo usio na namba mbele haujakamilika, wanaanza kubandika mbili mbili pasipo sababu. Ukilingana, uache.

Sasa uzito. Kalsiamu ni 40, kaboni 12, oksijeni 16. Jiwe: 40 + 12 + 48 = 100. Chokaa ghafi: 40 + 16 = 56. Gesi: 44. Yaani kilo 100 za jiwe safi zinatoa kilo 56 za chokaa, na kilo 44 zimetoka juu ya tanuu zikaenda hewani. Jiwe la kweli lina mchanga na uchafu kidogo, kwa hiyo mizani yako itatofautiana na hiyo, ila uzito wako ulikokwenda ni huko. Mwaka 1789 Mfaransa Antoine Lavoisier aliandika wazi kwamba katika mabadiliko ya namna hii kiasi cha mata hakiongezeki wala hakipungui. Alilifikia hilo kwa mizani, na kwa kuzifungia gesi zisimtoroke. Kusawazisha tunakofanya darasani ni sheria hiyo hiyo imewekwa kwenye mstari mmoja.

Unapoizima:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Hapo 56 na 18 zinatoa 74, pamoja na joto kali ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Na ukutani:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Jibu lako la pili liko hapo. Soma upande wa kushoto. Chokaa iliyozimwa ili iwe ngumu inahitaji CO₂ ya hewani. Shimoni maji yameifunika, hewa haiifikii, basi inabaki laini. Ukutani inaipata kidogo kidogo kuanzia nje kwenda ndani, ndiyo maana ukuta unaendelea kukaza baada ya kukauka. 74 na 44 zinarudi kuwa 100 za jiwe na 18 za maji. Kile kilichotoka kwenye tanuu kimerudi ukutani, jiwe limekuwa jiwe tena.

Binti anaweza kuuona mmenyuko huu bila maabara. Akoroge chokaa iliyozimwa kidogo kwenye maji, aiache itulie, amimine maji ya juu yaliyo angavu kwenye glasi, apulize ndani kwa mrija. Maji yanakuwa meupe kama maziwa. Ile ni CaCO₃. Mama uwe karibu: asiyavute, na yasimwingie machoni, chokaa inaunguza.

fundi_mji_mkongwe

Allah akuzidishie, mwalimu. Hilo la shimoni na ukuta nitawaeleza vijana wangu.

kijana_pcb

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Mimi naona hii ya kujaribu namba inachelewesha, bora binti afundishwe aljebra moja kwa moja. Mfano shaba na asidi ya naitriki:

aCu + bHNO₃ → cCu(NO₃)₂ + dNO + eH₂O

Cu: a = c. H: b = 2e. N: b = 2c + d. O: 3b = 6c + d + e. Ukiweka c = 3 unapata d = 2, b = 8, e = 4. Hakuna kubahatisha.

Ila nina swali pia. Kitabu kimoja kina NO kulia, kingine kina NO₂. Nikaziweka zote mbili ili nisikosee, aljebra ikagoma.

ubao_na_chaki

Marahaba kijana. Kazi yako ni safi, nimeihakiki: oksijeni 24 kushoto, na kulia 18 na 2 na 4.

Kwa mtoto wa kidato cha pili sitaki. Atapata namba sahihi bila kuona kitu chochote kikigawanywa, na kwa milinganyo ya kidato chake vifungo vya mama yake vinatosha. Wewe nawe, kwa mlinganyo huu, zoea kuangalia elektroni. Shaba inatoka 0 inakwenda +2, inapoteza mbili. Naitrojeni inayogeuka kuwa NO inatoka +5 inakwenda +2, inapokea tatu. Ili zilizotoka zilingane na zilizopokelewa, shaba ziwe 3 na NO ziwe 2. Shaba tatu zinahitaji NO₃ sita za kubaki nazo, jumla naitrojeni 8, kwa hiyo HNO₃ ni 8 na maji ni 4. Umefika pale pale, na njiani umejua kwamba kati ya asidi nane, mbili tu ndizo zilizofanya kazi ya kuchukua elektroni.

Aljebra yako ilipogoma ilikuwa inakuambia jambo la kweli. Ukiandika NO na NO₂ pamoja, majibu yako mengi yasiyo na mwisho. Huu umesawazika:

2Cu + 6HNO₃ → 2Cu(NO₃)₂ + NO + NO₂ + 3H₂O

Na huu umesawazika pia, wala si ule wa kwanza uliozidishwa:

5Cu + 16HNO₃ → 5Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4NO₂ + 8H₂O

Hesabu haiwezi kukuchagulia. Kinachochagua ni asidi iliyomo kwenye chupa. Ikiwa imezimuliwa, gesi inayotoka zaidi ni NO, haina rangi, inageuka kahawia inapokutana na hewa juu ya bomba la majaribio. Ikiwa kali, mvuke wa kahawia unaanza pale pale kwenye shaba, na mlinganyo ni:

Cu + 4HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + 2NO₂ + 2H₂O

Vitabu vyako vyote viwili viko sawa. Rudi uangalie kila kimoja kimesema asidi ya namna gani, na kwenye mtihani uisome hiyo kwenye swali kabla hujaandika upande wa kulia. Na siku mtakapoifanya, mfanye kwenye kabati la kutolea moshi. Kama shule haina, fanyieni nje mkiwa mmeupa upepo mgongo, na kipande cha shaba kiwe kidogo. Ule mvuke wa kahawia ni sumu, unaumiza mapafu, na mara nyingine mtu anaanza kuumwa saa kadhaa baada ya kuuvuta.